Jijue kwa Ndani Bila Kujivunjia Sitara
Mwongozo kwa msomaji wa Msuka na wa vijiji vinavyofanana na Msuka

Ukiishi Msuka, kaskazini mwa Pemba, unajulikana. Anayekuuzia samaki anajua ulizaliwa nyumba gani, baba yako aliachana na mama yako mwaka gani, na jana ulipopanda gari ya Konde ulikuwa unakwenda kwa nani. Mahali kama hapa mtu hujifunza mapema kujisitiri. Mtoto huambiwa anyamaze, mwanamume huambiwa asilie, mwanamke huambiwa avumilie. Wote hufunzwa muhali, ule mzigo wa kuitikia "haya" kwa mdomo na moyo umeshakataa. Mafunzo hayo yana faida yake, kwani kijiji hakikaliki kila mtu akimwaga hadharani alichonacho kifuani.

Tatizo huanza pale sitara uliyoiweka kwa ajili ya watu inapokuziba macho hata wewe mwenyewe. Unaishi miaka na hasira usiyoijua, kijicho usichokitaja, huzuni uliyoizika siku moja na maiti, au kipaji ulichoambiwa ni upuuzi. Mwongozo huu unakufundisha kuyajua hayo na kuyapokea kuwa ni yako, huku watu wakibaki na heshima yao na wewe na yako. Hakuna pahala utakapoambiwa usimame barazani utangaze mambo yako.

KWA NINI UJISUMBUE

Kwa sababu kilichofichwa hakitulii. Kitatafuta mlango, na mara nyingi mlango wenyewe ni mtu asiye na hatia.

Tuseme kuna mama analima mwani. Wifi yake aliazima kwake kamba na vigingi tangu bamvua za mwaka jana, hajarudisha. Kila akiulizwa, mama anajibu, "Hamna neno, wifi yangu." Miezi inapita, hamna neno. Lakini siku wifi akipita uani, jioni yake mtoto atachapwa kwa kumwaga maji kikombe kimoja. Mama akenda dukani kununua kanga, anasoma jina kabla hajatazama rangi, na jina analolichagua lina mtu wake. Usiku kichwa kinamgonga. Ukimuuliza, "Una hasira na wifi yako?" atakwambia, "Mie? Sina hasira na mtu." Wala hasemi uongo. Hasira ameifunika vizuri hata yeye haioni tena, lakini mtoto anaiona.

Huyo mama si mbaya. Anachohitaji ni kuijua hasira yake mapema, ikiwa bado ni ya kamba na vigingi, kabla haijawa ya mtoto.

Jambo hili halikuletwa na wageni. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana sehemu nzima ya kuilea nafsi katika Ihya' Ulum al-Din, na humo ametaja njia nne za mtu kuzijua aibu zake. Ya kwanza ni kukaa mbele ya shekhe mwenye busara. Ya pili, kumtafuta rafiki mkweli. Ya tatu, kuyasikiliza maneno ya adui, maana adui hasiti kulisema ambalo rafiki analifunika. Ya nne, kuchanganyika na watu, na kila ukiona kwao jambo la kulaumiwa, urudi ujiulize kama nawe huna. Ukifika kwenye hatua za mwongozo huu utaona baadhi ya njia hizo zimo.

Zaidi ya miaka 800 baadaye, daktari wa Uswisi Carl Gustav Jung alilisema jambo la karibu na hilo kwa lugha ya tiba. Sehemu ya nafsi tunayoikataa aliiita kivuli, na alishikilia kwamba tusichotaka kukiona kwetu tunakibandika kwa wengine kisha tunakichukia huko. Jung alifika Mombasa mwaka 1925, akapanda treni mpaka Nairobi, akaenda kupiga kambi Mlima Elgon. Huko alikaa na wazee akiwauliza juu ya ndoto zao kwa Kiswahili cha kuungaunga.

Na hapa Pemba iko njia nyingine ya zamani ya kilichofichika kupata sauti. Mtu hupandwa na sheitani, akawa kiti, na sheitani akaanza kudai: anataka nguo mpya, anataka mume asiondoke tena, anataka aheshimiwe nyumbani. Sitaingia kwenye hoja za masheikh na waganga kuhusu asili ya hali hiyo. Nakuomba jambo moja: sikiliza kinachodaiwa. Mara nyingi ni kitu ambacho aliyepandwa hajawahi kupewa nafasi ya kukiomba kwa mdomo wake mwenyewe.

KISANDUKU: YANAYOFICHWA ZAIDI

• Hasira kwa mtu usiyeruhusiwa kumkasirikia: mzazi, mume, mkwe, mwalimu wa chuoni.
• Kijicho, hasa kwa ndugu wa karibu. Kwa mtu wa mbali ni rahisi kukikiri.
• Huzuni ya msiba uliopita zamani, ambayo watu wanakutarajia uwe umeshaisahau.
• Hofu, kwa wanaume zaidi: kuogopa bahari, kuogopa deni, kuogopa kushindwa kulisha watu wa nyumbani.
• Madhara uliyofanyiwa ukiwa mdogo, ukaambiwa unyamaze.
• Kipaji au hamu uliyochekwa kwayo.

Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu wengi wakisikia "upande uliofichika" hufikiria uchafu tu. Msimu wa karafuu tunakaa jamvini usiku tukichambua, karafuu huku, makonyo kule. Makonyo hayatupwi, hupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, yakakamuliwa mafuta yenye bei yake. Ulichokitenga pembeni ya maisha yako nacho kitazame hivyo kabla ya kukiita taka. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akakua akifinyanga na kuuza vyungu. Sauti aliyokuwa akinadia vyungu hakuna aliyeihesabu kuwa ni kitu. Mwaka 1928 sauti hiyohiyo ilikwenda Bombay kurekodiwa kwenye sahani za santuri, na ndiyo iliyoufanya muziki wa taarabu ya Kiswahili usikike pwani nzima.

KABLA YA KUANZA

Pata robo saa ambayo hutaitwa. Baada ya Alfajiri panafaa, au baada ya Isha watoto wakishalala. Chumba cha peke yako si lazima. Wengine hufikiri vizuri zaidi shambani, wengine wakitembea mchangani Vumawimbi siku ambayo hakuna watu. Kukaa faragha hakuna ugeni wowote hapa kwetu. Kwenye magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ndani ya kibla, umechorwa mwaka 816 Hijria, yaani 1413 au 1414 Miladia. Watu wa kijiji hiki wana zaidi ya miaka 600 ya kusimama peke yao mbele ya Mola wao na kujihesabu.

Tafuta daftari la bei rahisi na kalamu. Kama huandiki, sema kwa sauti ya chini, inatosha. Kama nyumba yenu haina pa kuweka kitu kisiguswe, andika kisha uchane au uchome papo hapo. Faida inapatikana wakati wa kuandika, hata karatasi isipohifadhiwa.

Shika kanuni mbili kabla ya yote. Kwanza, kulijua jambo hakukulazimishi kulitenda. Mtu anaweza kukiri kwamba anamwonea ndugu yake kijicho na asimfanyie ubaya wowote; aliyekikiri hata ana uwezo zaidi wa kujizuia. Mafundisho ya dini yako wazi kwamba linalopita moyoni si dhambi juu ya mtu mpaka alifanyie kazi. Pili, kulijua jambo hakukulazimishi kulitangaza. Dini hiyohiyo inamkataza mtu kufichua aibu ambayo Mungu amemsitiri kwayo.

Tahadhari: Kama siri yako ikijulikana inaweza kukutia hatarini, usiiandike popote, wala kwenye simu.

HATUA SABA

Zifuate kwa mpangilio. Hatua moja inaweza kuchukua wiki au zaidi, na hakuna anayekushindanisha.

1. Usikilize mwili kwanza.
Akili iliyozoea kuficha itakwambia huna kitu. Mwili haujui kudanganya hivyo. Kwa siku kadhaa angalia tu: kifua kinabana ukisikia sauti ya nani? Taya zinakaza wakati gani? Tumbo linavuruga kabla ya safari ipi? Unaamka saa nane ya usiku ukiwaza nini? Usitafute maana bado. Weka alama ya siku na mtu aliyekuwepo. Maumivu yanayoendelea, hata hivyo, yapelekwe kituo cha afya. Kichwa kinachogonga kila siku kinaweza kuwa shinikizo la damu.

2. Mkamate pale alipozidisha.
Namaanisha wewe mwenyewe. Tafuta tukio moja la karibuni ambapo ulichokifanya kilikuwa kikubwa kuliko kosa: ulipiga kelele kwa sababu ya chumvi, ulinuna siku tatu kwa sababu ya salamu. Andika mistari mitatu: kilichotokea; nilichofanya; mtu asiye na kinyongo angefanya nini. Tofauti iliyopo kati ya mstari wa pili na wa tatu ndiyo unayoitafuta. Hapo pana kitu cha zamani kilichojipenyeza kwenye jambo la leo.

3. Andika siku nne mfululizo.
Mwaka 1986 huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walitoa matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, baadhi yao kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani, wengine kuhusu mambo ya kawaida. Walioandika tukio pamoja na walivyohisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini ukweli wa pili wa jaribio hilo ni muhimu vilevile: mara tu baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo usishangae siku ya kwanza ukiinuka na machozi au na uzito. Usiandike usiku wa kuamkia safari, mtihani au harusi.

Andika bila kusahihisha na bila kutafuta maneno mazuri. Ukikwama, andika: "Kitu nisichotaka kukisema ni..." na uendelee. Siku ya nne jiulize: hapa pana neno nililolirudia kila siku? Neno hilo lichukue uende nalo hatua inayofuata.

4. Mtazame anayekukera.
Hii ndiyo njia ya nne ya al-Ghazali, na kwangu mimi ndiyo kali kuliko zote. Chagua mtu anayekuudhi kupita kiasi, hata watu wengine wanashangaa kwa nini unamsema sana. Andika sifa tatu anazokuudhi nazo. Kisha chini ya kila sifa jibu maswali haya:

a) Mimi nami nafanya hivi, hata kwa namna ndogo au ya siri?
b) Kama sifanyi, je, ningetamani kuruhusiwa kufanya?
c) Nani alinifundisha kwamba hili halifai kwangu?

Swali la pili ndilo linalofungua watu. Mwanamke anayemsema kila siku jirani yake kwamba "anajipenda mno, anakwenda mjini anavyotaka" huenda ana miaka kumi na mitano hajatoka Msuka ila kwenda hospitali. Kinachomuuma si mwenendo wa jirani. Ni safari zake mwenyewe ambazo hakuzifanya.

Lakini hatua hii ina mpaka wake. Anayekupiga, anayekuibia au anayemdhuru mtoto anakukera kwa sababu anatenda ubaya, basi. Usijitafutie kosa hapo.

5. Tafuta ombi lililo ndani ya hisia.
Kila kilichofichwa kinaomba kitu, na kukikandamiza hakukifanyi kiache kuomba. Jaribu kukitafsiri:

• Hasira mara nyingi inasema: kuna haki yangu imechukuliwa, au kuna mpaka umevukwa.
• Kijicho kinasema: nami nakitaka kile, na nimeambiwa sistahiki.
• Huzuni inasema: nilimpenda, na sikupewa muda wa kumlilia.
• Hofu inasema: sina msaada, nataka mtu wa kushika nami.
• Aibu inasema: nahofia wakinijua hawatanitaka tena.

Andika sentensi moja kamili yenye jina la kitu. "Nataka kamba zangu" ni sentensi nzuri. "Nataka watu waniheshimu" ni pana mno. Irudie mpaka ipate mtu, kitu na siku.

6. Mchague mtu mmoja.
Mmoja tu. Hapa utaratibu wetu wa pwani umetupa watu wanaofaa, na inasikitisha kwamba tunawatumia kidogo sana siku hizi. Babu na bibi wana utani na wajukuu. Maneno ambayo ungeona haya kumwambia mama, bibi atayapokea akicheka, kisha atakaa kimya na kukusikiliza. Msichana ana somo wake, yule aliyemfunda. Wengine wana shekhe mwenye kifua, au mwalimu wa zamani. Ndugu wa nyumba moja mara nyingi hafai, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu.

Mjaribu kwanza kwa siri ndogo. Mwambie jambo lisilo na uzito, ukamwomba asiliseme, ungoje wiki mbili. Likirudi kwako kupitia kinywa kingine, umeshajua. Mshukuru moyoni na umtafute mwengine. Siku ya kusema lenyewe, eleza mapema unachokitaka:

"Bibi, nina jambo zito. Sitaki ulitatue wala usimwite mtu. Nataka unisikilize tu."
"Haya mjukuu wangu, kaa hapa. Niko."

Hilo la kusema mapema ni la lazima. Mzee wa Kipemba akisikia tatizo, kesho yake atataka kuitisha kikao cha ukoo.

7. Fanya tendo moja dogo.
Kujijua kusikofika mikononi hubaki mawazo. Irudie sentensi ya hatua ya tano na uchague tendo dogo kuliko yote linaloielekea. Yule mama wa mwani hahitaji kugombana. Anahitaji sentensi moja, yenye adabu na yenye siku: "Wifi, zile kamba nazitaka kabla ya bamvua hii, nami nimeongeza mistari ya mwani." Hana haja ya kusimulia mwaka mzima wa kinyongo.

Muhali hauvunjwi kwa siku moja. Anza na maneno yanayokupa nafasi ya kupumua: "Ngoja nifikiri, nitakujibu Ijumaa." "Safari hii sitaweza, unisamehe." "Nitakupa nusu, nusu nyengine siwezi." Yaseme bila kueleza sababu ndefu, kwani ukianza kueleza sana, umeshaanza kukubali. Kama kilichofichika ni kipaji, tendo linaweza kuwa kukifanya nusu saa kwa wiki bila kumwonesha mtu. Kama ni haki ya mwenzako uliyoichukua, tendo ni kuirudisha au kumwomba radhi, na hapo hakuna njia ya mkato.

MAKOSA YANAYOFANYWA MARA NYINGI

Kosa kubwa kuliko yote hapa kwetu ni kukubali jina. Mtu ana uzito moyoni, anakwenda kutazamiwa, anaambiwa jirani fulani amemroga. Tangu siku hiyo kila kinachomuuma ndani kina sura ya jirani huyo, na nyumba mbili zilizokuwa zikipeana moto wa jikoni zinaacha kusalimiana. Yeyote anayekutajia jina la adui kabla hajakuuliza unaishije, unalala vipi na umempoteza nani, ondoka kwake. Kombe na dua za shekhe mwaminifu ni jambo jengine, na wengi hupata utulivu kwazo; navyo havikuzuii kufuata hatua hizi.

Kosa jengine ni kumwaga kila kitu siku moja, hasa kwa mume au mke, usiku mmoja, kwa sababu umesoma kwamba kujificha ni kubaya. Mwenzako hajajiandaa kama ulivyojiandaa wewe. Mpe kidogo kidogo, na chagua yale yanayomhusu.

Wapo wanaofika katikati wakasema, "Basi, mimi ndivyo nilivyo, mtu wa hasira," wakaendelea kupiga watoto wakiwa na sababu mpya. Kuipokea hasira kuwa ni yako maana yake ni kwamba sasa unawajibika nayo zaidi.

Usiifanye elimu hii rungu la kuwapigia wengine. Ukishajua hatua ya nne, utashawishika kumwambia kila mtu kwamba anachokichukia anacho mwenyewe. Nyamaza. Hatua hiyo ni ya mtu na nafsi yake.

Na tafadhali, usiandike chochote cha aina hii kwenye kundi la WhatsApp la familia, hata kwa mafumbo, hata usiku wa manane ambapo unahisi ni ushujaa. Maneno yaliyotumwa yakafutwa yameshasomwa na mtu.

HUZUNI ISIYO YA MTU MMOJA

Kaskazini Pemba ina majonzi ambayo karibu kila nyumba ina fungu lake. Tarehe 27 Januari 2001 polisi walifyatua risasi kwenye maandamano kisiwani hapa, watu wakafa, na takriban 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama nje ya Nungwi ikija Pemba, ikachukua mamia ya roho. Baadhi ya waliokufa hawakuonekana, wakasaliwa pasipo jeneza.

Kama ulikuwepo, au mzazi wako alikuwepo, usishangae hatua ya tatu ikikupeleka huko hata kama ulianza na jambo dogo la nyumbani. Mwanamume aliyemkosa ndugu baharini, akaambiwa "kazi ya Mungu, jikaze", akajikaza miaka yote hiyo, hana upungufu wa imani akilia leo. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Kwa huzuni ya namna hii, usifanye hatua zote peke yako. Tafuta mwengine aliyepoteza, mkae pamoja, mmtaje marehemu kwa jina, msimulie alivyokuwa, mmsomee. Kumtaja kwa jina kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Nyumba nyingi zimeacha kuwataja waliokufa majini ili kumlinda mama, na mama naye ananyamaza ili kuwalinda wanawe.

KISANDUKU: WEKA MWONGOZO CHINI, NENDA HOSPITALI

Nenda hospitali ya Micheweni au ya Wete, au kituo cha afya kilicho karibu, ukiona mojawapo ya haya kwako au kwa mwenzako:

• Wazo la kujiua au la kutamani usiwepo. Hili halisubiri kesho, na mtu huyo asiachwe peke yake.
• Kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni.
• Kukosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili au zaidi, na kushindwa kazi za kila siku.
• Mama aliyejifungua karibuni anayelia muda wote au anayemwogopa mtoto wake.
• Kutumia dawa za kulevya au pombe ili usihisi.

Kama kilichofichika ni udhalilishaji, uliofanyiwa wewe au anaofanyiwa mtoto sasa hivi, aibu hiyo ni ya aliyetenda. Viko vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali kwa ajili hiyo, liko dawati la jinsia polisi, na simu ya msaada kwa watoto ni 116, hupigwa bure. Jambo la mtoto anayedhuriwa halimo katika sitara, hata mtendaji akiwa ndugu.

ORODHA YA KUJIKAGUA BAADA YA MWEZI

☐ Naweza kutaja hisia moja niliyokuwa siijui mwezi uliopita.
☐ Najua mwili wangu unaionesha wapi.
☐ Nimekaa na yale maswali matatu kuhusu mtu anayenikera, na nimejibu kwa ukweli.
☐ Nina sentensi moja yenye ombi, mtu na siku.
☐ Kuna mtu mmoja anayejua, na hajalisema.
☐ Nimesema "hapana" au "ngoja" angalau mara moja pale ambapo zamani ningesema "haya".
☐ Watoto, au walio chini yangu, wamepata nafuu.

Alama ya mwisho usijiwekee mwenyewe. Waangalie watoto: wakikusikia unaingia, wanakuja mlangoni au wanatawanyika? Kama bado wanatawanyika, rudi hatua ya pili, na safari hii andika matukio ya nyumbani peke yake.

Na ikiwa umeusoma mwongozo huu, kisha jirani, mjukuu au mke wako akaja siku moja akakwambia, "Nina jambo, nisikilize tu," basi zima redio, kaa chini, msikilize mpaka amalize, na usiyatoe maneno yake nje.